Je, Wajua? Maka Peni Yenye Harufu Kali Si ya Kila Kazi

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya wino uliomo ndani ya maka peni haibaki kwenye boksi unaloliandika? Hupaa.

Chukua maka peni iliyokwisha, ipasue. Ndani utakuta utambi wa nyuzi za plastiki uliojaa kwenye mrija, na mbele yake ncha ngumu ya nyuzi zilizobanwa. Utambi huo ulikuwa umelowa vitu vitatu: rangi, gundi ya kuishikisha rangi pale inapoandikwa, na kiyeyusho cha kuvifanya viwili hivyo vitiririke hadi kwenye ncha. Unapoandika, rangi na gundi hubaki. Kiyeyusho, ambacho kwa kawaida ndicho kingi kuliko vyote, kazi yake imekwisha, nacho hutoka kwenda hewani. Harufu unayoisikia ndiyo hicho kiyeyusho, na wa kwanza kukipokea ni yule aliyeinama juu ya boksi.

Ndiyo maana anayetaka kujua kama maka peni ya ofisini kwake ni salama hana haja ya kuhangaika sana na rangi. Aulize kiyeyusho chake ni nini. Majibu ya kawaida ni matatu: zailini au toluini, ambazo ni ndugu wa thina ya mafundi rangi, alkoholi za aina mbalimbali, au maji. Duka la vifaa vya ofisi huziweka zote kwenye rafu moja, zimevaa sare moja, na bei zake mara nyingi zinakaribiana.

Chupa ya kioo na kalamu iliyokwenda angani

Maka peni ya kwanza iliyopata umaarufu mkubwa ilitoka New York. Mwaka 1953 Sidney Rosenthal alianza kuuza chupa nene ya kioo iliyojaa wino, yenye utambi wa sufu na ncha ya sufu, akaiita Magic Marker. Iliandika juu ya karibu kila kitu: mbao, bati, ngozi, kioo, plastiki. Wino wa kalamu za kizazi hicho uliyeyushwa kwa zailini na toluini, na hapo ndipo ilipoanza ile imani kwamba maka peni ya kweli lazima inuke.

Haikuchukua hata miaka 10, mbadala ukawa umekwisha kupatikana. Mwaka 1962 huko Tokyo, Yukio Horie wa kampuni ambayo leo tunaijua kwa jina la Pentel alibuni kalamu yenye ncha ya nyuzi ngumu, na mwaka uliofuata ikatoka Sign Pen, yenye wino wa maji. Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliipenda, na wanaanga wa safari za Gemini wakaenda nayo angani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kalamu za maji ni mtindo wa juzi, mjibu kwamba zina zaidi ya miaka 60.

Na tukiwa bado huko juu: Julai 1969, Buzz Aldrin na Neil Armstrong walipokuwa mwezini, swichi ya kuwashia injini ya kuwarudisha ilivunjika kichwa. Aldrin aliisukuma ndani kwa kalamu ya ncha ya nyuzi aliyokuwa nayo mfukoni. Alichagua kalamu kwa sababu swichi ilikuwa ya umeme, na hakutaka kuingiza kidole wala kitu cha chuma.

Kijiko kimoja cha chakula

Zailini na toluini hutokana na mafuta ya petroli. Zinayeyusha grisi, ndiyo maana maka peni zenye viyeyusho hivyo huandika hata juu ya chuma chenye mafuta. Ubongo na mishipa ya fahamu navyo vina mafuta mengi, na mvuke ukiingia kwa pua hufika huko upesi. Dalili za mwanzo mtu anaweza kudhani ni uchovu wa kazi: kichwa kizito, kizunguzungu, macho kuwasha, koo kukauka, kichefuchefu. Toluini ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye gundi ya viatu wanayovuta watoto wa mitaani Nairobi na kwingineko; anayeivuta makusudi anaweza kufa ghafla kwa moyo kupoteza mapigo yake, hata kama ni mara yake ya kwanza.

Sasa tusitiane hofu. Kiwango cha juu cha zailini kinachoruhusiwa na mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ni sehemu 100 katika kila sehemu milioni za hewa, kwa wastani wa saa 8. Umoja wa Ulaya umekata hapo nusu, 50. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita mbili na nusu, madirisha yamefungwa. Kufikia kiwango cha Marekani humo ndani kunahitaji gramu 13 hivi za zailini zipae zote, sawa na mililita 15, yaani kijiko kimoja cha chakula. Kwa kiwango cha Ulaya ni nusu kijiko. Katibu muhtasi anayeandika jina juu ya faili mbili kwa siku hafiki huko hata kidogo.

Lakini mtazame karani wa bohari anayepokea kontena. Mkono mmoja umeshika orodha, mwingine umeshika maka peni nene, na kifuniko amekibana kwa meno kwa sababu mkono wa tatu hana. Anaandika namba juu ya katoni, anasogea, anaandika nyingine, katoni mamia. Yumo ndani ya kontena la chuma lenye mlango upande mmoja tu. Ncha ikianza kukauka, anaipulizia. Hesabu yetu ya chumba kizima haimhusu, maana yeye havuti wastani wa hewa ya chumba: anavuta ile iliyo kiganja kimoja kutoka kwenye wino mbichi. Huyu ndiye mtu ambaye kubadilisha aina ya kalamu kunamletea tofauti anayoweza kuisikia jioni anaporudi nyumbani.

(Kuhusu kile kifuniko mdomoni: kalamu nyingi sasa zina kitundu kwenye kifuniko kwa ajili hiyo hasa. Kiwango cha kimataifa ISO 11540 kinahusu vifuniko vya kalamu zinazoweza kushikwa na watoto, na kitundu ni mojawapo ya njia za kukitimiza, ili aliyekimeza kikakwama aendelee kupata hewa. Maka peni za viwandani hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo usitegemee kitundu hicho.)

Pua huzoea

Je, wajua kwamba kutosikia tena harufu si dalili kuwa hewa imesafika? Pua ikikaa kwenye harufu moja kwa dakika kadhaa huacha kuitilia maanani. Anayetoka nje na kuingia ndiye anayeshtuka: "Humu mnakaaje?" Waliomo ndani huangaliana, hawajui anasema nini. Mwulize mgeni, usimwulize mwenyeji.

Tena mvuke wa zailini ni mzito kuliko hewa, zaidi ya mara tatu na nusu; wa toluini zaidi ya mara tatu. Hushuka chini. Feni ya darini inayozungusha hewa ileile haisaidii kama kinavyosaidia kidirisha kidogo kilicho wazi upande mmoja na mlango upande mwingine.

Halafu kuna suala la moto. Kila kiyeyusho kina joto lake la kuwakia, yaani joto ambalo mvuke wake unatosha kushika moto ukikutana na cheche. La zailini ni kati ya nyuzi 27 na 32 za Selsiasi. Huko Ulaya wakati wa baridi, chupa ya zailini mezani iko chini kabisa ya joto hilo. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, stoo yenye paa la bati imekwisha kulipita kabla ya saa sita mchana. Joto hilohilo huongeza kasi ya kupaa, kwa hiyo kalamu ileile hutoa mvuke mwingi zaidi kwetu kuliko ilikotengenezwa.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa. Maka peni za alkoholi huuzwa kama mbadala salama, na kwa kichwa na mapafu ni kweli kabisa: ethanoli na propanoli zina sumu ndogo mno ukilinganisha na toluini. Kwa moto, hata hivyo, zailini haizishindi. Ethanoli huwakia kwenye nyuzi 13 hivi. Kwa hiyo fundi anayeweka alama karibu na mashine ya kuchomelea, au mhudumu wa kituo cha mafuta, hajapata usalama kwa kuhama kutoka zailini kwenda alkoholi. Yeye anahitaji wino wa maji au chaki. Usalama dhidi ya nini? Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kuandika oda, na nimeona watu wenye vyeti vya usalama kazini wakiliruka.

Soda inavyomchanganya daktari

Toluini ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya hipuriki, ikatoka na mkojo. Asidi hiyo ilipewa jina mwaka 1829 na Mjerumani Justus von Liebig, aliyeipata kwenye mkojo wa farasi. Kwa miaka mingi waganga wa viwandani walipima mkojo wa wafanyakazi wa rangi na gundi ili kujua wamevuta toluini kiasi gani. Tatizo likajitokeza: soda nyingi na vyakula vya makopo huhifadhiwa kwa benzoeti ya sodiamu, nayo mwilini hugeuka kuwa asidi ileile. Mfanyakazi aliyekunywa soda mbili wakati wa chakula cha mchana aliweza kuonekana kama aliyeshinda kwenye thina. Siku hizi wapimaji hutafuta dalili nyingine kwenye mkojo, au huipima toluini yenyewe kwenye damu.

Viyeyusho hivi huumiza pia masikio. Toluini, na kwa kiasi fulani zailini, hudhuru vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, na madhara huwa makubwa zaidi pale mvuke unapokutana na kelele. Kiwandani vyote viwili huwa pamoja. Mwajiri anayenunua viziba masikio vya bei na kuacha makopo ya thina wazi kando ya mashine amefanya nusu ya kazi.

Maneno ya kwenye lebo

Je, wajua kwamba maandishi "ASTM D-4236" kwenye kalamu hayamaanishi kuwa haina sumu? Watu wengi huyaona na kuridhika. Maana yake ni kwamba mtaalamu wa sumu ameikagua bidhaa na kwamba kama ina hatari ya kudumu, hatari hiyo imetajwa kwenye lebo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 iliufanya ukaguzi huo kuwa wa lazima kwa vifaa vya sanaa. Bidhaa yenye hatari inaweza kubeba namba hiyo kihalali kabisa, mradi onyo liwepo.

Kinachokaribia zaidi unachokitafuta ni muhuri wa AP wa taasisi ya ACMI ya Marekani, unaotolewa kwa vifaa vilivyoonekana havina kiasi cha sumu cha kumdhuru mtumiaji. Muhuri wa pili wa taasisi hiyo, CL, ni wa bidhaa zinazohitaji tahadhari. Herufi mbili zinabadilika, na maana inageuka kichwa chini miguu juu.

Lebo ikiwa finyu, omba karatasi ya taarifa za usalama kutoka kwa muuzaji. Ina sehemu 16 duniani kote, kwa mpangilio mmoja, na anayejua aende wapi humaliza kuisoma ndani ya dakika mbili. Nenda sehemu ya 3, yenye viambato. Majina huandikwa kwa lugha mbalimbali, lakini kila kemikali ina namba yake ya CAS isiyobadilika, na namba hiyo haijui Kichina wala Kijerumani. Zailini ni 1330-20-7. Toluini ni 108-88-3. Ethanoli ni 64-17-5. Ziandike nyuma ya daftari lako la manunuzi. Ukikutana na mbili za kwanza kwenye kalamu ya kuandikia karatasi, irudishe.

Wala jina la kampuni pekee halikutoshi. Sharpie, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ni mfano mzuri: kalamu yake nyembamba ya kawaida inayeyushwa kwa alkoholi, lakini zile nene za familia hiyohiyo, King Size na Magnum, zimekuwa na zailini. Chapa moja, rafu moja, kemia mbili.

Kama huna karatasi wala lebo, andika mstari juu ya mfuko wa plastiki. Wino wa maji wa kawaida hujikusanya matone matone na kufutika kwa kidole. Wino wa kiyeyusho hutulia na kukauka papo hapo.

Wino wa maji uliodumu

Sababu kubwa ya watu kukataa kalamu za maji ni kwamba "zinafutika". Zipo zinazofutika. Lakini si maji yanayoamua, kinachoamua ni rangi na gundi yake. Rangi zilizoyeyuka kabisa ndani ya maji huyeyuka tena zikinyeshewa. Rangi za chembechembe, kama masizi, hazijayeyuka tangu mwanzo. Zinaelea tu, na zikishakauka zikashikwa na gundi nzuri, maji hayazirudishi. Kalamu za rangi za Posca kutoka Japani, zilizopo sokoni tangu 1983, hutumia maji na bado huandika juu ya chuma, kioo, mbao na plastiki.

Roma kuna kilima kiitwacho Monte Testaccio. Si kilima cha udongo. Ni lundo la vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni, kwa makadirio mitungi milioni 50 na zaidi, iliyotupwa hapo zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Kwenye vigae hivyo makarani wa forodha wa wakati huo waliandika kwa wino uzito wa mzigo, jina la mfanyabiashara na mahali ulikotoka. Wanahistoria wanayasoma maandishi hayo hadi leo. Karani yule wa Kirumi alikuwa na kazi ileile ya karani wetu wa kontena, na hakuhitaji zailini.

Na kwa upande wa pili kabisa, pwani yetu inajua wino uliotengenezwa ili ufutike. Kombe huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, aya za Kurani, kisha huoshwa kwa maji au marashi na mgonjwa akanywa. Sijui wino mwingine ambao mwandishi wake alitakiwa kuwa na uhakika nao kiasi hicho.

Mahali penseli inaposhinda, na mahali inaposhindwa

Ingia maabara ya patholojia ya hospitali kubwa, mahali wanapokata vipande vyembamba vya nyama ya mgonjwa na kuviangalia kwa hadubini. Kila kipande hubandikwa juu ya kigae cha kioo. Mwisho mmoja wa kigae umekwaruzwa ukawa mweupe, na hapo fundi wa maabara huandika namba ya mgonjwa kwa penseli. Ya mbao, ya kawaida. Sababu ni kwamba kigae hicho kitapita kwenye mabeseni ya alkoholi na zailini, na maka peni ya kawaida ingeyeyuka pale pale, namba ya mgonjwa ikaenda na maji. Makaa ya penseli hayayeyuki kwenye chochote kati ya hivyo. Kalamu tunayoiita ya kudumu inafutika, na penseli tunayoifuta kwa raba inadumu.

Mafundi wa ndege, kinyume chake, hukatazwa kuweka alama ya penseli juu ya bodi ya aluminiamu. Makaa na aluminiamu vikikutana na unyevu huwa kama betri ndogo, na chuma huanza kulika kwenye mstari uleule uliochorwa. Kwenye mitambo ya nyuklia na mabomba ya chuma kisichoshika kutu nako kuna kalamu maalumu zisizo na klorini nyingi, kwa sababu klorini ikipata joto hupasua chuma hicho taratibu. Kwa kazi za aina hiyo fuata kitabu cha mtambo, usifuate makala ya gazeti.

Mafundi wa kuchomelea wao walikwisha kupata jibu zamani: kipande cha jiwe laini la sabuni, ambalo ni madini ya talki. Alama yake haiungui kwenye moto wa kuchomelea na haina mvuke wowote. Fundi cherehani ana chaki yake bapa. Seremala ana penseli yake pana, iliyofanywa bapa ili isibingirike kutoka kwenye bati. Kwenye kioo, plastiki na vyungu vinavyong'aa, ipo penseli ya nta yenye kamba ya kuchunia karatasi. Vifaa hivi vyote havina kiyeyusho hata tone, na vingi bei yake ni ndogo kuliko maka peni moja.

Ipo pia lebo isiyotumia wino kabisa. Mashine ya Dymo, iliyoanza mwaka 1958, hubonyeza herufi kwenye utepe wa plastiki. Plastiki ikivutwa hugeuka nyeupe pale ilipoumia, na huo weupe ndio herufi. Nimeona swichi za umeme zenye lebo hizo za miongo kadhaa, zinasomeka vizuri.

Ubao mweupe

Je, wajua kwamba kalamu za ubao mweupe za mwanzo zilitumia kiyeyusho kinachoitwa methili isobutili ketoni? Jerry Woolf wa Marekani ndiye anayehusishwa na ubunifu wa wino unaofutika kwa kitambaa kikavu, katikati ya miaka ya 1970. Siri yake ni mafuta kidogo ndani ya wino: gundi na rangi zinakauka juu ya utando wa mafuta, hazigusi ubao wenyewe, kwa hiyo zinatoka kwa kupanguswa. Ketoni ile sasa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na kalamu nyingi za leo zimehamia ethanoli na propanoli. Bado ni mvuke. Mwalimu anayefundisha saa 6 kwa siku katika chumba chenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa kutwa, ana haki ya kudai kalamu za ubao zenye wino wa maji. Zipo, ingawa hukauka polepole na kufutwa kwake kunataka kitambaa chenye unyevu.

Na aliyeandika ubaoni kwa maka peni ya kudumu bila kujua asikimbilie thina. Apitishe kalamu ya ubao juu ya maandishi yale, kisha apanguse palepale kabla hayajakauka. Kiyeyusho kipya kinayalainisha ya zamani, mafuta yanayang'oa.

Ngozi na mifuko ya dripu

Madaktari wa upasuaji huchora mgonjwa kabla ya kumpasua, na kalamu yao hutumia jenshiani vayoleti, ile GV ya zambarau ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki walipakwa mdomoni walipokuwa na utando mweupe. Mkaguzi wa nyama machinjioni naye hupiga muhuri wake kwa rangi inayolika. Wote hawa hufuata kanuni moja: ikiwa wino utaingia mwilini, uwe ule unaokubalika mwilini. Ndiyo sababu wauguzi hufundishwa kuandika kwenye lebo ya mfuko wa dripu, wasiandike kwa maka peni juu ya plastiki yenyewe, kwani viyeyusho vinaweza kupenya.

CD nazo, kwa wenye kumbukumbu za harusi na mahubiri kwenye makabati: taarifa zimehifadhiwa chini ya utando mwembamba sana wa upande wa lebo, upande ule unaouandika. Wino wa maji ndio unaoshauriwa hapo.

Wadenmaki walianzia kwenye namba

Miaka ya 1970 watafiti wa Denmark na Sweden waliwaona mafundi rangi wa miaka mingi wakipoteza kumbukumbu na kubadilika tabia mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1982 Denmark ikaweka utaratibu wa kuipa kila rangi, gundi na thina namba mbili zenye kistari katikati. Namba ya kwanza inaeleza ukali wa mvuke, ya pili inaeleza madhara ikigusa ngozi au ikimezwa. Kwa kazi za ndani ya nyumba, kanuni zikaweka namba ya juu kabisa inayoruhusiwa. Viwanda vilivyotaka kuendelea kuuza vikalazimika kupunguza viyeyusho, na rangi za maji zikaenea. Hakuna aliyehitaji kumfundisha fundi kemia. Aliangalia namba kwenye kopo.

Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka kazi ya upakaji rangi yenyewe kwenye kundi la kwanza, la mambo yanayothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwetu sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala uitwao OSHA. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007, na humo imeandikwa kwamba kemikali za hatari ziambatane na karatasi za taarifa za usalama na kwamba wafanyakazi wanaozitumia waweze kuziona. Wataalamu wa fani hii, popote walipo, wana ngazi moja ya hatua: ondoa hatari, ukishindwa, ibadilishe kwa kitu chenye hatari ndogo zaidi, ukishindwa, weka feni na madirisha, kisha panga zamu, na mwisho kabisa ndipo mpe mtu barakoa. Katika ofisi nyingi tunaanzia mwisho, tena kwa barakoa za kitambaa ambazo hazizuii mvuke hata chembe. Barakoa ya mvuke ni ile yenye kichujio cha makaa, na kumvisha karani kifaa hicho ili aandike "SUKARI KG 50" ni gharama isiyo na maana wakati kalamu ya maji ingeandika maneno yaleyale kwenye katoni ileile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wewe unayejaza fomu ya manunuzi: ile safu iliyoandikwa "maka peni, boksi 1" ongeza maneno machache. "Wino wa maji, kwa karatasi na katoni." Kwa plastiki na kioo, "wino wa alkoholi, usio na zailini wala toluini." Muuzaji akikuambia hazipo, mwombe akuonyeshe sehemu ya 3 ya karatasi ya hizo alizonazo.